Meno Meusi ya Kinanda

"Bwana Kemboi, hayo meno meupe yamekukosea nini, mbona huyagusi?"

Aliyeuliza alikuwa Darweshi, fundi cherehani wa Bondeni, jirani yake Kemboi pale mjini Nakuru. Vibanda vyao vya kazi vilipakana ukuta kwa ukuta. Siku hiyo Darweshi alikuwa ameleta kola za kwaya kanisani, na kwa kuwa yeye ni Mwislamu na mtu wa adabu zake, alisimama mlangoni akangoja wimbo uishe. Lakini macho ya fundi cherehani hayajui kukaa bure. Yaliifuata mikono ya Kemboi ikipanda na kushuka juu ya kinanda, yakaona jambo ambalo waumini hawakuliona miaka yote ile, maana wao wakiimba hufumba macho.

Kemboi alicheka. "Meupe ni ya Wazungu," akasema. "Sisi weusi tuna meusi yetu."

Kwaya ikaangua kicheko. Darweshi naye akacheka, akaweka kola zake juu ya benchi, akaenda zake. Maneno yakaonekana yamekwisha, kumbe yamemganda Kemboi kama kishonanguo kwenye suruali, kitu ambacho mtu hatambui amekibeba mpaka afike nyumbani akae.

Kinanda chenyewe kilikuja kanisani kikiwa mgonjwa. Mzungu mmoja wa shamba la ngano kule Mau Narok alipofunga virago kurudi kwao, alikitoa kwa mchungaji, na wakati huo panya walikuwa wameshakula viriba vyake vya pumzi. Ukikanyaga kwa miguu kilitoa upepo tu, fuu, kama mzee aliyepanda mlima. Mchungaji akamwita Kemboi, si kwa sababu ya muziki, bali kwa sababu Kemboi alikuwa fundi wa ngozi. Kazi yake ilikuwa kushona matandiko ya farasi na mikanda na lijamu. Akatafuta ngozi laini ya kondoo, akakata, akagandisha, akashona. Halafu akaketi ili ajue kama kuna mahali panapovuja.

Alipobonyeza yale meno meupe yalimlilia kama watu wanaogombana sokoni. Mkono ukapanda wenyewe juu, kwenye meusi, na hapo ukatulia. Kabla jua halijatua Kemboi alikuwa amepata wimbo mzima wa kuvuka Yordani. Mchungaji alisimama nyuma yake machozi yakimlengalenga, akasema hiki ni kipawa, Bwana amempa mshonaji kipawa. Kemboi aliamini hivyo. Hakujiuliza mkono ule ulijifunzia wapi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Watu wengi wa kanisa lile hawakujua kusoma, nyimbo walizipokea kutoka kwenye kinanda cha Kemboi, wakazishika hivyo, wakawafundisha watoto wao hivyo hivyo. Harusi alipiga yeye, na mazishi alipiga yeye. Kwenye shughuli zake za ngozi watu walimwita fundi, lakini siku ya Jumapili walimwita mwalimu, na jina hilo la pili lilimkaa vizuri kuliko koti.

Basi sasa Darweshi ameuliza.

Siku moja mchana, kanisa likiwa tupu, Kemboi aliingia, akafunga mlango, akaketi. Akaanza kuyabonyeza yale meupe, moja moja, kwa kidole kimoja, kama mtu anayegonga nyumba asiyoijua. La kwanza, la pili, la tatu: hizo sauti alizijua, hata kwenye meusi alikuwa nazo. La nne likamshtua. Lilisimama mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu, kama kwamba ameona mlango kwenye ukuta wa chumba alimolala miaka yote. La tano na la sita akayatambua tena. La saba likawa ndilo baya kuliko yote. Lilikuwa na kiherehere. Halikutaka kukaa; lilisukuma mbele, lilitaka kwenda, nawe ukiliachia hapo linabaki likikuwasha.

Aliliachia hapo. Alisikia hatua nje, akaondoka haraka, na ile sauti ya saba akaenda nayo nyumbani.

"Baba Jerop," mkewe Chepkurui alimwambia jioni ile, "hiyo ni sufuria ya maziwa, si kinanda. Ondoa vidole."

"Vidole vimekosa nini?"

"Jana ulipiga mgongo wangu nikiwa nimelala. Leo sufuria. Kesho utapiga ng'ombe wa watu."

Kemboi alicheka kidogo, akaweka mikono mapajani. Haikukaa.

Jumapili iliyofuata kukaja mgeni. Aliitwa Masinde, kijana wa Maragoli, karani katika bohari la reli, aliyehamishiwa Nakuru hivi karibuni. Alikaa benchi la nyuma, mahali ambapo zamani walikaa akina Wachuka, Wakikuyu, kabla lori za serikali hazijawabeba hali ya hatari ilipotangazwa, na benchi hilo watu walikuwa bado hawajazoea kulikalia. Wimbo ulipoanza, kijana alifungua kitabu chake akaimba kwa sauti nene, safi, iliyonyooka. Lakini mahali pawili katika kila ubeti sauti ile iliacha njia ya wenzake, ikaenda kwake peke yake.

Watu waligeuza shingo. Kemboi hakugeuka. Miguu yake ilisahau kukanyaga, na kinanda kikakata pumzi katikati ya neno. Alizitambua hizo sauti mbili. Ya nne na ya saba.

Baada ya ibada Jepkosgei alimngoja Masinde mlangoni. Jepkosgei alikuwa kiongozi wa akina mama, mtu mrefu, mwenye sauti ambayo kwaya nzima iliegemea kama nyumba inavyoegemea nguzo.

"Wewe kijana wa reli. Kwenu mnaimba hivyo?"

"Ndivyo ulivyo kitabuni, mama."

"Hapa kitabu ni Kemboi."

Wanawake wakacheka. Masinde akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mama," akashika njia. Kemboi aliyasikia hayo yote akiwa anafunika kinanda kwa kitambaa. Zamani angefurahi kusikia ameitwa kitabu. Leo masikio yalimwaka moto. Akatoka kwa mlango wa upande, akamkuta kijana karibu na nyumba za reli.

"Hebu nionyeshe hicho kitabu chako."

Masinde alidhani anakemewa tena. Akakifungua kwa woga. Chini ya maneno ya wimbo palikuwa na majina ya sauti, do, re, mi, fa, so, la, ti, kila moja limeandikwa kwa herufi yake ya kwanza tu, na Masinde akaziimba akifuata kwa kidole. Kisha akamwomba Kemboi auimbe wimbo uleule anavyoupiga. Kemboi akaimba.

"Mzee wangu, usikasirike," Masinde alisema. "Hii ni ngazi ya vidato saba. Wewe unapanda vizuri sana, lakini viwili unaviruka. Fa hukanyagi, ti hukanyagi."

"Niimbie hivyo vitano ninavyokanyaga mimi."

Masinde akaimba: do, re, mi, so, la. Akarudia kutoka juu kushuka.

Kemboi alishika mti wa ua. Mbele ya macho yake alimwona mjomba wake aliyekufa siku nyingi, ameketi machungani, kinubi kifuani, anakaza zile nyuzi tano za mishipa ya ng'ombe na kuimba sauti zake moja moja ili zikubaliane. Ndizo hizo. Ndizo hizo hasa. Kinubi kile Kemboi alikirithi, akakipiga ujana wake wote kwenye pombe na harusi za kimila, na siku alipobatizwa alikitia motoni mbele ya watu, kwa kuwa wamishonari walisema ni kitu cha giza. Alikiona kikiwaka mpaka nyuzi zikajikunja. Kumbe kinubi hakikuungua. Kilihamia vidoleni, kikangoja, na siku alipoketi mbele ya kinanda kilitafuta meno matano yanayofanana nacho, kikaingia kanisani kwa miguu yake.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa," Kemboi alisema, na hakuwa sawa.

Wiki hiyo mchungaji akatangaza kwamba siku ya Pentekoste makanisa ya Lanet na Mau Narok yatakuja Nakuru, wote waimbe pamoja wimbo wa kuvuka Yordani, na mwalimu Kemboi atawapigia. Watu wakashangilia. Kemboi akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Masinde alikwisha kumwambia kwamba watu wa Lanet na Mau Narok wanaimba kwa kitabu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kazini alishona mkanda wa tumbo wa farasi akafumua, akashona tena. Akajipima mwenyewe jinsi fundi apimavyo ngozi. Ngozi ya ng'ombe ina mgongo na ina tumbo: mgongo ni imara, hapo ndipo unapokata tandiko, lakini tumbo huvutika, na fundi mwaminifu hamuuzii mtu tumbo akamwambia ni mgongo. Je, yeye mgongo wake ni upi? Miguu. Miguu yake ilitoa pumzi bila kukatika. Sikio pia: wimbo akiusikia mara moja haumtoki. Na aliweza kumfuata mwimbaji aliyepotea akamrudisha taratibu bila watu kujua. Hayo ni mgongo, hakuna wa kumnyang'anya.

Na tumbo je? Kusoma zile herufi, hakuna. Meno meupe, hakuna. Mkono wa kushoto ulikuwa unaufuata wa kulia kama mbuzi aliyefungwa kamba, haukuwa na shughuli yake. Miaka yote ile hakuwa ameongeza kitu, alikuwa amerudia tu kile alichokipata mchana mmoja akipima kama viriba vinavuja. Watu walimwita mwalimu, naye hajawahi kuwa mwanafunzi.

Darweshi alipita kibandani akamkuta ameshika sindano tu, hashoni. "Vipi jirani, ngozi imekushinda?"

"Ngozi haijanishinda."

"Basi uso huo umeununua wapi? Urudishe."

Kemboi akaipitisha sindano kwenye ngozi. Alikuwa anawaza anachokitaka, akaona si kikubwa. Hakutaka kuwa bingwa. Alitaka kuzijua zile sauti mbili mpaka ziwe zake, na awapigie wageni wimbo mmoja ulivyo, bila kuwauzia tumbo.

Akamwomba Masinde amfundishe. Kila jioni baada ya kazi, kabla ya saa ya kafyu, walikutana kanisani. Masinde, ambaye kinanda alijifunza shuleni, alifundisha kwa adabu nyingi mno, mpaka ikamchosha Kemboi.

"Samahani mzee, hapo ni fa."

"Acha samahani. Sema fa."

"Fa, mzee."

Kichwa kilielewa upesi. Vidole ndivyo vilivyokataa. Akiviangalia vilikaa kwenye meupe, lakini akijisahau kidogo tu, akiingia ndani ya wimbo na kufumba macho kama zamani, vilipanda juu kwenye meusi, kama mbuzi waliozoea mwamba. Akivishusha vinapanda. Siku nyingine alitoka pale jasho limelowesha shati kuliko siku ya kukaza tandiko. Akamuuliza Mungu kwenye maombi kama yale ya zamani yalikuwa dhambi, na kama si dhambi, mbona yanamsumbua. Akaondoka magotini, akaenda kuzunguka uani akiuimba ule wimbo puani.

"Lala basi," Chepkurui alimwambia kutoka ndani.

"Nakuja."

"Hata mimi huo wimbo wako mpya nimeushika sasa, na sijausomea. Kile kipande cha juu kinaniwasha kama upupu."

"Hicho ndicho chenyewe," Kemboi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hizo akahisi kuna mtu amemwelewa.

Jumamosi ya kuamkia Pentekoste kwaya yote ilikusanyika kwa mazoezi ya mwisho. Mchungaji aliketi mbele. Masinde alisimama na wanaume wa sauti nene, Jepkosgei na wanawake wake upande wa dirisha. Kemboi hakuwa amemwambia mtu. Aliketi, akaweka mikono juu ya meno meupe, akaanza pole pole, macho wazi.

Mstari wa kwanza ulipita. Katika wa pili ikaja fa, na kinanda kikaenda huku, Jepkosgei akaenda kule na wanawake wote nyuma yake. Sauti zikakwaruzana vibaya. Mtu mmoja akacheka. Kemboi akarudia mwanzo. Wakakwaruzana palepale. Mara ya tatu Jepkosgei akanyamaza, na akinyamaza yeye kwaya haina pa kuegemea.

"Mwalimu, leo una nini?" akauliza. "Unaumwa mkono?"

"Siumwi, mama. Wimbo ndivyo ulivyo. Wageni watauimba hivi."

"Wageni ni wao, kanisa ni letu. Watatufuata."

"Hawawezi kutufuata. Ni makanisa mawili, na wanaimba kwa kitabu." Kemboi akageuka kwenye kigoda akawatazama wote. "Afadhali niwaambie. Mimi sikuwahi kufundishwa hiki kinanda. Kuna sauti mbili sikuzijua, nikaziruka, nanyi nikawarusha. Na hizo tano nilizowapigia nilizitoa kwenye kinubi cha mjomba wangu, kile nilichokichoma. Nimekuwa nikiwapigia kinubi."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa ngomani!" na vicheko vikalipuka upande wa wanaume.

Jepkosgei hakucheka. Alisogea mbele mpaka karibu na kinanda, akaongea kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Kemboi. Mwanangu Kimutai nilimzika na wimbo huo. Wewe ndiye uliyepiga. Jeneza likishuka, mimi niliimba, kwa sababu nisingeimba ningelifuata. Sasa unisaidie mimi ambaye sikusoma. Siku ile nilimwimbia Mungu, au nilimwimbia mjomba wako?"

Vicheko vilikatika. Kemboi alikumbuka siku ile, mvua na udongo mwekundu, kinanda kimebebwa na wanaume wanne mpaka kaburini, na sauti ya mwanamke huyu imesimama peke yake juu ya wote.

"Ulimwimbia Mungu, mama," akasema. "Sina shaka na hilo hata kidogo. Wewe hukukosea. Aliyepiga visivyo ni mimi."

"Basi piga vilevile ulivyopiga. Kama mimi sikukosea, piga vilevile."

Mchungaji alikohoa. "Mwalimu, piga tu huo wa zamani, tumalize. Jua linashuka, na askari wa kafyu hawangoji tuvuke Yordani."

Kwaya ilikuwa imemkazia macho. Kemboi akarudi kwenye kinanda. Akapandisha mikono, akailaza juu ya meusi, na ikatulia mara moja, kama imefika kwao. Ilikuwa rahisi sana. Angekanyaga tu. Jepkosgei angefungua kinywa, paa lingeinuka, na kesho wageni wangekwaruzana nao mbele ya watu wote, halafu watu wangesema ni wageni wasiojua. Kiti kingebaki chake. Jina la mwalimu lingebaki lake. Na yeye angebaki hapo hapo alipofikia mchana ule wa kushona viriba, mpaka kufa.

Hakukanyaga.

Aliondoa mikono, akasimama, akasogeza kigoda nyuma.

"Masinde, njoo ukae hapa. Kesho utapiga wewe, ulivyo kitabuni. Mimi bado sijaweza."

"Mzee, hapana," Masinde alisema. "Mimi ni mgeni."

"Njoo, nimesema. Na hicho kitabu niachie mimi, nitasimama na wanaume nijifunze kuimba fa kwanza."

Masinde alikuja taratibu, akainama kwa heshima alipompita, akaketi. Kemboi alichukua kitabu, akaenda akajibana mwisho wa safu ya wanaume, mahali pa wanaoanza. Kigoda kililia chini ya mtu mwingine. Masinde akapiga mistari miwili, safi, kila kidato mahali pake, na hata wale waliocheka walinyamaza wakasikiliza. Kemboi alifuata herufi kwa kidole kinene cha kushona ngozi. Ilipofika fa akaiimba, kwa sauti ya chini, ikatoka imepinda kidogo, lakini ilikuwa fa.

"Akina mama," mchungaji akasema, "tuingie pamoja sasa, toka mwanzo. Mama Jepkosgei, utuongoze."

Jepkosgei alikuwa bado amesimama pale mbele, karibu na kinanda, akimtazama Kemboi kule mwisho wa safu. Kemboi naye alimtazama. Kitabu kilikuwa kimefunguka mikononi mwake kama kitu alichokamatwa nacho.

Mama yule akaenda kwenye benchi lake, akatwaa shuka lake, akajitanda mabegani, akapita katikati ya kwaya iliyompisha huku na huku, akafungua mlango, akatoka.